Nilificha Uzi, Mtoto wa Mwenzangu Akaitwa Muuaji wa Mbuzi

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia njiani, kisha ukajuta ukifika mwisho.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane. Kwetu ni upande wa Kyuso, lakini haya nayaandikia Makueni, kwa binti yangu, ambako nimejificha kama mtu aliyeiba. Sikuiba. Nilimlea mjukuu wangu mpaka akawa mtu ambaye mimi mwenyewe namwogopa, na kila alipoharibu nilifunika. Mara mbili nilimfunika kwa kumtoa mtoto wa mwenzangu. Majina nimeyabadilisha. Watu wa kwetu wakisoma watatujua tu, na wacha watujue.

Halafu ujue kitu kingine. Miaka ishirini nilifundisha shule ya Jumapili, na mpaka leo watu wazima wenye ndevu huniita Mwalimu. Ile amri ya tisa, ya kutomshuhudia jirani yako uongo, nilikuwa nikiifundisha kidole kikiwa juu. Cheka ukitaka. Mimi nimeshacheka mpaka nikalia.

Sisi Wakamba, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Mume wangu, Mutemi, alifariki mwezi wa tatu, na mwezi wa tano Ndunge, mke wa mwanangu, akajifungua mvulana. Hakukuwa na mjadala, akaitwa Mutemi. Walipomweka mikononi mwangu nilimwambia, "Mume wangu, umechelewa wapi?" Wanawake waliokuja kumwona mtoto walishika mbavu kwa kicheko. Utani huo ni wa kawaida, bibi wote humwita mjukuu mume. Kosa langu ni kwamba mimi niliacha kutania.

Mutemi alikula kabla ya wote, kwa kile kiti cha marehemu. Akipiga mtoto wa watu, nilisema mzee amekasirika. Akivunja sahani, nilisema mzee hakupenda chakula. Majirani walicheka, nami nikaona nimepata faraja ya ujane wangu.

Alipokuwa na miaka minne alitia kijiti chenye moto kwenye kiota cha kuku aliyekuwa akiatamia. Ndunge alimshika sikio, akamvuta mpaka pale, akamwambia amwangalie kuku. Hakumpiga. Alitaka aone tu yale manyoya yalivyoungua na lile jicho la kuku.

Mimi nilitoka jikoni nikiwaka. "Ndunge, unamshika baba mkwe wako sikio?"

"Mama, sijashika mzee," akanijibu. "Nimeshika mtoto. Na huyu mtoto akiachwa hivi, kesho si kuku."

Nikaona amenidharau. Mwanangu wakati huo alikuwa turniboi, yaani utingo, wa malori ya barabara ya Garissa, nyumbani alifika mara moja kwa mwezi. Alipokuja nilimweleza vile nilitaka aelewe. Alimpiga mke wake uani, mchana, Mutemi akiwa amesimama hapo akinyonya kidole. Nilikuwa na miguu ya kwenda kumziba macho yule mtoto. Sikwenda.

Ndunge alirudi kwao Kabati. Alitaka kuondoka na mtoto, nikasimama langoni. Nikamwambia jina la bwana wangu halitoki kwa boma hili.

Siku za kwanza Mutemi alisimama langoni kila jioni, ameshika ule ua wa miiba, analia. Alikuwa hajafikisha miaka mitano. Mtu mwenye akili angembeba. Mimi nilimwambia, "Umewahi kuona mzee wa boma akilia? Wewe ni mzee." Siku ya nne alinyamaza. Hajalia tena mpaka leo, na hilo nilisimama kanisani nikalitolea ushuhuda, kwamba Mungu amempa mjukuu wangu moyo wa kiume.

Nilimlea mzee. Mtoto sikumlea, na mtoto alikuwa humo ndani.

Baba yake naye alikuwa hivi: akija na furaha alileta soda, akija na hasira alitoa mkanda. Mtoto hakujua ni ipi mpaka lori lizime. Mkanda ukitoka mimi nilijitupa katikati, na kesho yake nikamkaangia yule mtoto mayai matatu. Kwa hiyo nyumba moja ilimpiga bila sababu na kumlipa bila sababu. Sema wewe angejifunza nini.

Alipofika darasa la pili mwalimu wake aliniita. Alikuwa msichana mdogo, mgeni, sauti yake ya chini. Aliniambia, "Mama, mtoto mwingine akianguka, wenzake wanakimbia kumwinua. Mutemi anasogea karibu ili aone vizuri." Akasema pale hospitali kubwa kuna mtu anayeongea na watoto, kwamba tukimpeleka mapema anaweza kusaidika, na kwamba yeye mwenyewe atatusindikiza.

Nilimuuliza, "Wewe una watoto wangapi?"

"Sina, Mama."

"Basi ukizaa uje tuongee."

Nilitembea kurudi nyumbani nimeinua kichwa, nikijiona nimeshinda. Yule msichana ndiye mtu pekee aliyewahi kuninyooshea mkono, nami niliupiga.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Ndunge alikuja kumwona mtoto wake mara tatu. Mara tatu nilimrudisha langoni. Mara ya mwisho Mutemi alikuwa na miaka tisa, na mama yake alileta viatu na sweta ya shule. Nilimwambia mtoto amekwenda mjini Mwingi na baba yake. Mutemi alikuwa nyuma ya ghala. Ndunge aliweka mfuko chini, akaangalia uani kwa muda, akaenda zake. Ule mfuko niliugawa kanisani.

Mtoto alitoka nyuma ya ghala akaniuliza, "Susu, yule ni nani?" Susu ndiyo bibi kwetu.

"Ni mama anauza nguo," nikamwambia.

Aliniangalia sana. Kisha akasema, "Sawa, Susu."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi vitoto vya mbuzi vya mzee Kitheka vikapotea.

Mzee Kitheka alikuwa jirani yetu, mtu wa haki, mkali kidogo. Kwetu mbuzi wakubwa huenda malishoni na vitoto hubaki nyumbani. Jioni hiyo mbuzi walirudi viwele vimejaa, zizi la vitoto likiwa tupu. Vitoto vitano. Wale mama waliita mpaka kijiji chote kikasikia. Mutemi alikaa kwenye kizingiti akisikiliza, mikono magotini, ametulia kama mtu aliye kanisani.

Asubuhi mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, maji tunachimba. Kulikuwa na shimo la zamani lililokauka, na mtu alikuwa amelifunika kwa matawi ya miiba. Niliyaondoa. Vilikuwa humo. Vinne vilikuwa vimekufa na kimoja kilikuwa kinarusha mguu. Vyote vilikuwa vimefungwa midomo kwa uzi.

Ulikuwa uzi wangu.

Nasuka vyondo, vikapu vyetu. Uzi wangu wa katani nauchemsha mwenyewe na rangi ya dukani pamoja na magome, unatoka zambarau iliyochoka, na hakuna mwanamke mwingine kule mwenye rangi hiyo. Wananitania kwamba kiondo changu kikiibiwa kinarudi chenyewe. Nilipoona ile zambarau kwenye midomo ya wale wadogo, nilijua hapo hapo bila kufikiri.

Unajua nilifanya nini? Nilitazama nyuma kama kuna mtu. Nikaingia shimoni, nikaanza kukata uzi kwa meno, kimoja kimoja, nikitia vipande kifuani. Nilianza na wale waliokufa kwa sababu walikuwa juu. Yule aliyekuwa hai nilimfikia mwisho. Kifundo chake kilikuwa kidogo, kimekazwa vizuri, kifundo ambacho mimi mwenyewe nilimfundisha Mutemi akinishikia uzi. Nilipokikata, yule mwanambuzi alitoa pumzi moja akafia mikononi mwangu. Ningeanza na yeye angeishi. Lakini sikuwa nimekuja kuokoa mbuzi, nilikuwa naokoa jina.

Kisha nikapanda juu, nikapiga ukemi kama mtu aliyefika sasa hivi.

Watu walijaa. Mzee Kitheka alivitoa vile vitoto akavipanga mchangani. Mtu akauliza nani ameonekana huku. Mdomo wangu ukajibu kabla sijautuma: "Jana jioni nilimwona Mwanzia akitoka huku."

Mwanzia alikuwa na miaka kumi. Mama yake, Syombua, alikuwa mpika chang'aa, na baba hakujulikana. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko na vita na watu wanaolala nje. Mimi ni Mwalimu, yeye ni mtoto wa mpika pombe, nani angeuliza mara mbili? Hakuna aliyeuliza hata mara moja. Sisi watu huwa tunaangalia mlango wa nyumba, hatuangalii mkono wa mtoto.

Walimleta. Wanaume walimchapa pale pale mchangani, na mama yake alipofika akanyang'anya fimbo akaendelea yeye, akilia. Mwanzia alikuwa anasema neno moja tu, "Si mimi, si mimi." Mutemi alikuwa amesimama nami, ameshika leso yangu. Kisha akaiachilia. Akasogea karibu ili aone vizuri.

Tangu siku hiyo Mwanzia aliitwa Mbuzi. Shuleni, dukani, hata kanisani. Alimaliza mwaka huo mmoja tu wa shule akaacha. Nilikuwa nikimpita njiani namwambia, "Mungu akubariki, kijana," naye anainama. Ule uzi niliuweka kwenye kopo la majani ya chai, chini ya sindano zangu, nikasema sitakumbuka tena.

Na Mutemi? Mimi na yeye hatukuongea kuhusu mbuzi hata siku moja. Niliamini hajui kwamba najua. Nilijifariji hivyo miaka kumi na miwili.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Darasa la sita aliiba redio ya kanisa, nikasema aliazima. Darasa la nane lundo la ndengu la jirani liliteketea siku mbili baada ya yule jirani kumkataza njia, nikasema ni moto wa mkaa. Kidato cha pili akafukuzwa, nikasema walimu wana chuki. Akaenda Mwingi, pale malori yanapolala, akapata marafiki wenye simu nyingi kuliko mifuko. Alirudi nyumbani akipenda. Na kila aliporudi alikuwa mpole. Hilo ndilo linalotisha. Hajawahi kunipandishia sauti. Aliniona miaka yote nikisema uongo kwa upole, akachukua upole wangu na uongo wangu vyote.

Mwanzia naye akawa fundi wa matofali. Anafyatua kando ya mto, anachoma tanuri. Alimjengea mama yake nyumba ya vyumba viwili, Syombua akaacha chang'aa, akaanza kuuza mboga. Kama tungeambiwa tangu mwanzo tuchague nyumba itakayotoa mhalifu, kijiji chote tungechagua ile, na tungeapa.

Mwaka huu, baada ya kuvuna ndengu, Mutemi alikuwa sokoni Kyuso na punda wa mtu. Punda alichoka akalala chini na mzigo. Mutemi akawa anamkanyaga shingo, pole pole, huku anaongea na simu. Mzee Kitheka, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, alimkemea mbele ya watu. "Wewe kijana, hukuwa na mama wa kukufunza?"

Waliokuwepo wanasema Mutemi alitabasamu. Akasema, "Pole, mzee," akamwachilia punda.

Siku ya tatu watoto waliokwenda kuchota maji wakamkuta mzee Kitheka kwenye mchanga wa mto. Alikuwa amepigwa kichwani, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa uzi uliolowa damu mpaka rangi haikujulikana. Yuko hai. Mpaka leo hajaweza kusema neno.

Tanuri la Mwanzia liko karibu na pale. Mtu mmoja tu alihitaji kusema, "Si huyu ndiye alianza na mbuzi?" Vijana walimvunja mkono kabla polisi hawajafika kumchukua.

Siku hiyo hiyo Mutemi aliingia jikoni kwangu saa sita mchana, amenawa, nguo safi. Nilimpakulia muthokoi, akala sahani mbili. Alipomaliza alifuta mdomo, akaniambia kuhusu polisi kwa lugha yake ya mjini, "Susu, makarao wakikam, wewe sema jana nililala hapa."

"Ulilala hapa?"

Akatabasamu. "Mke wangu, sema tu vile ulisema ile siku ya mbuzi."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

"Nilikuwa hapo juu kwa ukingo," akasema, kama mtu anayekumbuka harusi. "Nilikuona ukikata na meno. Nikajua huyu Susu yangu ako na mimi. Hata nikifanya nini, ako na mimi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa juu ya ukingo akingoja kuona kama kuna mtu duniani atakayemwambia hapana. Na ni mimi niliyekuja.

Najua unangoja niseme kwamba hapo nilisimama nikamkataa. Sikumkataa. Polisi walikuja jioni hiyo hiyo, nikawaambia alilala kwangu, nikatia sahihi. Yule afisa kijana aliniambia asante mama. Mutemi aliwasindikiza mpaka langoni, akawafunga mbwa ili wapite.

Siku ya nne tangu Mwanzia akamatwe, Syombua alikuja. Nilimwona kwa mbali nikadhani anakuja kunipigia kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kigoda akashika mikono yake.

"Mwalimu, nimekuja uniombee," akasema. "Wewe Mungu anakusikia."

Nilimpa maji, akayaweka chini.

"Mimi hata ile ya mbuzi nilimchapa na mkono wangu. Alisema si yeye, mimi nikakuamini wewe. Niliamini Mwalimu kuliko mtoto wangu. Sasa nataka uniambie kitu kimoja tu. Ile siku ulimwona kweli? Kama ulimwona, niambie, nijue nilizaa nini. Nitamwacha huko, nitulie."

Nilitaka kumwambia nilimwona. Neno lilikuwa tayari, limezoea njia. Lakini macho yangu yaliangukia kiondo nilichokuwa sijamaliza, kimening'inia ukutani. Ule upande wa zambarau nyuzi zilikuwa zimekatwa, mbili au tatu, kwa kisu. Mutemi hakujisumbua hata kuficha. Alijua mimi nitaficha.

Nilimwambia, "Syombua, ulizaa mtu mzuri. Mimi ndiye."

Hakuelewa. Nililitoa lile kopo la majani ya chai, nikamwaga mezani. Nikamweleza yote. Hakunipiga, na ningetaka anipige. Alichukua kile kipande kidogo kabisa akakiweka kwenye kiganja chake, akakiangalia. Kisha akasema, "Amka twende," kama unavyomwambia mtoto.

Tulikwenda Mwingi, mimi na yeye, na lile kopo na kile kiondo. Kule kituoni niliandika maneno mapya juu ya yale ya uongo. Walilinganisha uzi na ule wa mdomoni mwa mzee Kitheka. Baada ya siku chache Mwanzia aliachiliwa, mkono umefungwa mbao. Nilimngoja nje. Nilikuwa nimepanga kupiga magoti, lakini aliongea kabla.

"Mimi nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi," akasema. "Nimeitwa hivyo siku nyingi mpaka nikawa najiuliza kama nilifanya nikasahau."

Akapita. Sikupiga magoti, maana hakuwa ananiangalia.

Polisi walipofika nyumbani, Mutemi alikuwa ameondoka. Mlango ulikuwa wazi na sahani imeoshwa. Mpaka leo hajapatikana. Mwanangu amenikata. Aliniambia kwenye simu, "Umemuuza baba yangu," kwa sababu mtoto amebeba jina la baba yake, na baada ya hapo hashiki simu zangu. Kanisani wameniondolea kila kitu, na wamefanya vizuri. Mashamba nimewaachia ngedere.

Nilimpigia Ndunge pia. Ana watoto wengine sasa. Nilimweleza kila kitu, zile mara tatu langoni, ule mfuko, yule muuza nguo. Kisha akauliza, "Alikuwa ananingoja?"

"Kila jioni," nikamwambia.

Akakata simu. Nami baada ya hapo ndipo nikafikiria vitoto vya mbuzi vilivyotolewa kwa mama zao, midomo imefungwa visiweze kuita. Miaka kumi na miwili nilikuwa na uzi ndani ya kopo na sikuwahi kukaa chini nikaufikiria. Mtoto alikuwa ameniambia kinachomuuma, kwa lugha aliyokuwa nayo. Nilikata kwa meno nikameza.

Simtetei. Yule mzee hawezi kusema, na mkono wa Mwanzia hautanyooka tena. Kuna watoto wengi waliokosa mama na hawakumfunga mtu mdomo. Mwanzia mwenyewe hakuwa na baba. Lakini najua kwamba kila mlango ambao ungemrudisha Mutemi, mimi ndiye niliyesimama mbele yake nimeufunga, nikijiita mwenye upendo.

Ningetaka kumalizia hapo. Jumapili iliyopita ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Hapa kwa binti yangu kuna mjukuu mwingine, Mwende, wa miaka sita. Tulimwacha na mafua, yeye na msichana wa kazi, tukaenda kanisani. Tuliporudi alinikimbilia.

"Susu, kuna mtu alikuja kwa geti. Alikuwa mzuri, aliniongelesha pole pole. Alisema nimwambie mke wake amemsalimia."

"Mke wake ni nani?"

"Alisema utajua." Akaninyooshea mkono. "Na akanifungia hii. Alisema atarudi kuona kama bado nimeivaa."

Kwenye mkono wake mdogo kulikuwa na uzi wa katani, zambarau iliyochoka. Kifundo kilikuwa kidogo, kimekazwa vizuri.

Nitakuambia ukweli, maana ndio umebaki. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kuukata na kuutia kifuani, ili binti yangu asiogope na watu wasijue. Mdomo wangu ulikuwa umeshafika kwenye mkono wa mtoto. Kisha nikakumbuka yule mwanambuzi wa tano. Nikamwita binti yangu kwa sauti, nikamwonyesha kabla sijaugusa. Tukaukata pamoja, tukaupeleka kwa polisi siku hiyo hiyo. Wamesema tufunge geti na tuwapigie tukimwona. Ndivyo tunavyoishi. Mwende anauliza kwa nini hatoki kucheza.

Basi wewe unayemlea mtoto, hasa wewe mwenzangu mwenye mjukuu aliyebeba jina la marehemu wako, mtanie, mwite mume, hakuna ubaya. Lakini akiumiza kitu, hata kuku, mshike mkono umpeleke akione. Akilia, mwache alie, na umbebe. Mwalimu akikuita, nenda ukasikilize, usiulize ana watoto wangapi. Na mama yake akija langoni, fungua. Usingoje uone kama ni tabia ya utoto itaisha. Ya wangu haikuisha, ilikuwa inakua tu pamoja naye, nami nikaipikia mayai.

Amesema atarudi, na sijamwona Mutemi akisahau kitu. Siku hiyo mtu akiniuliza yule aliye langoni ni nani, sitasema ni muuza nguo. Nitasema ni mjukuu wangu, na mimi ndiye niliyemlea.